Tuko Wapi Kwenye Ramani Yao

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku ile watu wa maji walipofika kwetu chini ya Cheptais wakapigilia vigingi vyekundu kando ya mto. Nilikuwa kijana. Wakasema mto wetu hufurika wakati wa mvua na kukauka kiangazi, kwa hiyo watajenga bwawa la kuhifadhi maji, Bungoma na Kitale zinywe mwaka mzima. Sisi vijana tukapiga makofi. Nani hataki maji? Dada yangu aliyeolewa Tuwan, mtaa wa Kitale, alikuwa akinunua maji kwa mtungi, na siku nyingine hakuyapata.

Babu yangu hakupiga makofi. Alikuwa mzee wa kushuku. Hata salamu aliipokea polepole. Akamwomba afisa wao aitandaze ramani kwenye nyasi.

"Bomba la Kitale nimeliona," akasema. "La Bungoma pia. Sasa si unionyeshe sisi tuko wapi?"

Afisa akaweka kidole katikati ya rangi ya buluu. Boma letu lilikuwa humo chini ya maji. Sitosi pia ilikuwa humo, pale mtoni ambapo vijana wa ukoo wetu hupakwa matope alfajiri ya kutahiriwa. Mimi nilipakwa pale, na baba yangu kabla yangu.

"Mzee, matope tutawatafutia mengine," afisa akasema babu alipomweleza.

Babu akanigeukia mimi. "Unampigia mtu makofi, bana, na hujajua atakulaza wapi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Wageni wale waliondoka, hawakurudi. Vigingi vikaliwa na mchwa. Mwaka huu wamekuja wengine, na vigingi vipya, tabasamu na soda, na nawaona ninyi mmeshaanza makofi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wa soda mimi bado simwamini.

Lakini usiende kung'oa vigingi, mwanangu. Tuwan bado kuna kiu, na wenye kiu ni watoto wa dada yangu. Kuuliza si ujinga. Waulize mbele ya watu, kabla hujaonja soda yao: maji yataishia wapi, sisi tutahamia wapi, na mfereji wetu uko wapi. Wakikuambia ati "tutaona", kesho rudi uulize tena. Tahadhari kabla ya hatari.

Mungu akujalie maji, mwanangu, na akuachie mahali pa kusimama ukiyanywa.