Kadi ya Redio na Magoti ya Ustaz Lokosang

Mlango ulikuwa na kufuli, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na ndani watu wawili walikuwa wanaongea Kiingereza.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gumbo, mwaka 2009, shule yetu ya mabati kando ya barabara ya Nimule.

Nikabandika sikio mlangoni.

Mwanamke akauliza kwa Kiingereza, "Ndoo iko wapi?"

Kimya.

Kisha mwanaume akajibu, neno moja moja, kama mtu anayekanyaga mawe ya kuvukia mto. "Ndoo iko chini ya meza."

Sauti ya mwanamke ilikuwa ya redio. Ya mwanaume niliijua pia, na damu ikanichemka.

Naitwa Biar. Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na fomu foo nilimaliza huko. Niliporudi nyumbani baada ya mkataba wa amani sikuwa na shamba wala ng'ombe. Nilikuwa na Kiingereza, na nilitembea nacho kifua mbele.

Wakati huo shule zilikuwa zinahamia Kiingereza. Walimu waliosomeshwa kwa Kiarabu wakabaki wamesimama na chaki mkononi, hawajui pa kuanzia.

Ustaz Constantine Lokosang, mwenye sauti ile, alikuwa mmoja wao; ustaz ni mwalimu kwa Kiarabu cha kwetu. Alianza kufundisha kabla mimi sijazaliwa. Kiswahili chake chenyewe alikiokota kwa madereva wa malori ya Uganda.

Ijumaa ya wiki ile mkaguzi alikuwa anakuja. Mwalimu atakayeshindwa kufundisha somo moja kwa Kiingereza, jina lake linafutwa kwenye orodha ya walimu. Darasa la tatu A lilikuwa langu, B lilikuwa la Ustaz. Akifutwa, B napewa mimi.

Na ile redio? Shirika moja lilituletea moja tu; A na B tulipokezana, na usiku nilikuwa naifungia darasani kwangu. Unazungusha mpini kwa mkono inapata chaji, na ndani kuna kadi ndogo iliyobeba masomo yote. Mama wa redio anauliza, ananyamaza ili watoto wajibu, kisha anaendelea.

Mimi kile kimya nilikiona upuuzi. Nilikuwa nabonyeza kitufe nakiruka, au najibu mwenyewe. Darasa langu lilimaliza masomo matatu wakati B wanamaliza moja. Nilijisifia hilo ofisini kila siku.

Nikazunguka nyuma ya chumba. Bati moja lilikuwa limelegea chini. Ustaz akatoka hapo kwa magoti, suruali imejaa tope.

"Ustaz mzima unaingia kama mwizi?"

"Malesh, samahani, ya Biar. Mchana redio iko na wewe, iko na watoto. Mimi iko na asubuhi tu."

"Ungeomba ufunguo."

"Mimi niliomba. Mara mbili. Wewe unasema nini?"

Hapo nikakumbuka. Nilimwambia mbele ya walimu wote, hicho kichwa kimeshajaa Kiarabu, Kiingereza kitakaa wapi? Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Yeye pia alicheka kidogo, akajikung'uta chaki, akatoka.

Asubuhi ile sikumwomba radhi. Nilipigilia lile bati misumari.

Ijumaa, kabla kengele haijalia, nilifungua redio nikachomoa kadi. Nikaitia mfuko wa shati. Nilijiambia mimi sihitaji redio, anayeihitaji ni yeye. Basi tuone.

Mkaguzi alifika kwa bodaboda. Madam Scovia, aliyekulia Uganda, mwembamba, macho makali. Akaketi nyuma ya darasa B, nami nikasimama kando yake.

Ustaz akazungusha mpini. Akabonyeza. Hakuna sauti.

Akazungusha tena. Watoto wakanyoosha shingo.

Akafungua kile kifuniko kidogo. Patupu.

"Kadi iko wapi?" akauliza Madam.

Kadi ile ni nyepesi kuliko ukucha, lakini pale ilinilemea kifuani kama tofali.

Ustaz akaniangalia. Macho yake yakashuka mpaka mfuko wa shati langu, yakakaa hapo, kisha yakageuka ubaoni.

"Ustaz, kama huwezi niambie sasa," Madam akasema. "Majina yanapelekwa leo."

"Mimi nafundisha."

Akaweka ndoo chini ya meza. Akauliza kwa Kiingereza, ndoo iko wapi?

Akanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kirefu. Kalamu ya Madam ikasimama. Mimi nikatabasamu moyoni, mzee ameshasahau.

Nyuma kabisa msichana mmoja, Nyaduoth, ambaye hata kwa lugha ya kwao haongei, akasimama. "Ndoo iko chini ya meza."

Ustaz akaihamishia mlangoni. Akauliza. Akanyamaza. Mikono kumi ikapanda.

Neno moja alilitamka vibaya, mtoto wa mbele akamsahihisha. Ustaz akamshukuru, akalirudia sawasawa, akaendelea. Ndoo ilizunguka darasa zima, na kila ilipotua ilikuta jibu.

Madam akaandika. Akafunga daftari. "Sasa twende kwako, Biar. Vilevile, bila redio."

Nilifurahi, walahi. Nilifika darasani kwangu Kiingereza kikamwagika kama bomba limepasuka. Niliuliza ndoo iko wapi, nikajibu mwenyewe.

"Waache wajibu," akasema Madam.

Nikauliza tena. Nikangoja.

Watoto arobaini wakanitazama kama watu wanaotazama televisheni. Kisha mmoja mmoja wakageuza macho kwenye meza, pale redio huwa inakaa.

Dawa, ile kadi, ilikuwa mfukoni mwangu, na nisingeweza kuitoa.

Nje, Madam alikuwa na maneno machache. "Ustaz anabaki. Wewe Biar, Kiingereza unacho, lakini mle ndani unacho peke yako. Nakupa miezi mitatu." Akageuka. "Na ile kadi? Nikijua nani ameichukua, na yeye namfuta."

Mkono wangu ukafunika mfuko wa shati.

"Kadi iko na Biar, Madam," akasema Ustaz. "Mimi nilimwambia aweke mbali na vumbi. Tulisahau."

Madam akatutazama wote wawili, akapanda boda yake.

Nilimfuata Ustaz mpaka kwenye mtungi wa maji. "Kwa nini umenifichia?"

"Mimi si mzuri hivyo." Akanywa, akajipangusa mdomo. "Mama wa redio, mimi nakosea, yeye anaendelea tu. Hajui nimekosa. Wewe unajua. Wewe iko na masikio."

Nikapokea kikombe mkononi mwake.

"Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu. Na kuja na ufunguo, ya weled, kijana. Magoti yangu imechoka."

Jumatatu nilifungua mlango kabla hajafika. Nilirudisha kadi mahali pake. Tukaketi, nikamwuliza swali la kwanza.

Akanyamaza, anatafuta. Jibu lilinijaa mdomoni.

Nikauma ulimi. Nikahesabu mpaka tisa.

Akajibu.

Wewe unayejua na unamfundisha asiyejua, ukishauliza, ngoja. Mimi nilikuwa na darasa la watoto arobaini, na mwaka mzima nilisikia sauti yangu tu.