Usiizime, Dadima

Nyumbani kwa Batulbai kila kitu kilivaa nguo. Televisheni ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, redio ya marehemu mumewe Dharsi ilikuwa na chake, jokofu, jagi la maji, hata simu ya mezani ambayo haijalia tangu waya ukatwe, nayo imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Alivifuma mwenyewe kwa kroshia, amekaa ghorofani pale Usagara, juu ya duka ambalo siku hizi wamepanga watu wengine. Vumbi la Tanga lina chumvi ndani yake, na chumvi haiachi kitu cha chuma salama, na Batulbai alikuwa na ugomvi na vumbi tangu aingie nyumba ile akiwa bibi harusi. Basi mtu asishangae kwamba siku moja aliivika nguo hata mashine ya gemu. Ubaya ni kwamba mashine ile ilihitaji kupumua.

Ilikuwa mashine ya mjukuu wake, Abbas. Mwanawe Murtaza alipoamua kuhamia Kanada na mkewe na watoto, alitangaza mezani kwamba kila kitu kinaweza kujadiliwa isipokuwa gemu. Gemu haiendi. Mtoto anakwenda kusoma, si kubonyeza vidude. Mama atampa mtu yeyote anayetaka. Batulbai akajibu kwamba atampa, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Siku ya safari, mabegi yakiwa tayari kwenye ngazi, Abbas alimvuta bibi yake mkono mpaka sebuleni. Alikuwa na miaka kumi na minne, sauti inapanda na kushuka bila ruhusa yake.

"Dadima, sikiliza. Usimpe mtu. Nikifika kule nitaiamsha hii kwa mtandao, kwa kompyuta yangu, nicheze kama niko hapa. Lakini lazima iwe stendibai. Unaona hii taa? Ikiwa ya chungwa, imelala. Ikiwa nyeupe, mimi nimekuja."

"Umekuja wapi?"

"Hapa. Sebuleni. Ukiwasha tivii utaniona ninavyocheza. Usiizime, Dadima. Na Papa asijue."

Akamfundisha kitufe cha kubonyeza umeme ukikatika na kurudi, na muda wa kukishikilia mpaka taa igeuke. Batulbai, ambaye kwa simu yake mwenyewe alijua kupokea tu, alilishika somo lile lote mara moja. Murtaza alipouliza kwa simu kutoka Kanada kama ile takataka imeshatolewa, alimwambia imeshachukuliwa na mtoto wa watu. Alimdanganya mwanawe wa kumzaa bila hata kupepesa jicho, na moyoni alifurahi kama msichana aliyeficha pipi.

Wiki ya kwanza taa ilikuwa ya chungwa tu, chungwa la Muheza lililoiva, mchana kutwa. Jumamosi alasiri ikageuka nyeupe. Mashine ikalia mara moja, ikaanza kuvuma peke yake. Batulbai akaiwasha televisheni, na pale mbele yake pakatokea uwanja wa mpira, majani mabichi, wachezaji wamesimama katikati. Kabla mpira haujaanza, mmoja wao akaanza kuzunguka. Akazunguka mduara mdogo, halafu mwingine, halafu mwingine, kama mtoto anayejitia kizunguzungu uani. Batulbai alielewa papo hapo. Alikuwa anasalimiwa.

"Karibu, baba," alisema, na machozi yakamtoka.

Tangu hapo Jumamosi ikawa siku yake. Kule Kanada ni asubuhi, hapa jua limeanza kulegea lakini joto bado liko kwenye kuta. Atapika mapema, ataoga, atavaa, atakaa. Beatrisi, mama wa Kishambaa aliyemsaidia kazi za nyumba na ambaye kwa miaka yote ile alikuwa ndiye mtu wake wa karibu kuliko ndugu, alimtania. "Mama leo una mgeni, nimwekee sahani?" Batulbai alicheka, lakini sahani ya chevda, vile vitafunio vya kukaanga vya Kihindi, aliiweka kweli mezani, na baadaye akaila mwenyewe. Alizungumza na televisheni muda wote. Alimweleza Abbas nani kaumwa, nani kauza nyumba, jamatini, kule wanakosali, nani alisoma vibaya. Kijana hakusikia hata neno moja, na Batulbai alilijua hilo vizuri. Lakini linganisha na simu za Jumapili, zile ambazo familia nzima husongamana kwenye kioo na Abbas anaonekana paji la uso tu: hujambo Dadima, sijambo Dadima, kwaheri. Jumamosi alikuwa wake kwa saa mbili nzima. Alimwona akikosea, akikasirika, akifunga bao na kuwakimbiza wachezaji wake mpaka kwenye kona. Mtu ukimwona hivyo utasema hayupo?

Kisha zikaja siku za joto lile la Tanga ambalo hata paka hulala sakafuni amejinyoosha. Pepo zilikuwa zimekufa na vumbi lilikuwa limezidi. Batulbai alipitisha kidole juu ya mashine, akakiona cheusi, akaona haya. Kitu cha mjukuu wake kikae uchi kwenye vumbi namna ile? Alikaa siku kadhaa anafuma. Kikatoka kitambaa kizito, cha nyuzi mbili, kilichofunika juu na pande zote, kikaacha tundu dogo tu ili taa ionekane. Alijisifu, na kusema kweli kilikuwa kazi nzuri.

Jumamosi iliyofuata taa ikageuka nyeupe, mchezaji akazunguka, mchezo ukaanza. Baada ya muda mashine ikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Batulbai akadhani ni ukali wa mechi. Harufu ya uzi uliopata moto ikaingia sebuleni. Televisheni ikaandika maneno kwamba joto limezidi, kwenye tundu la kitambaa pakawaka nyekundu, na uwanja wote ukawa giza.

Haikupita dakika, simu ikalia. Abbas mwenyewe, peke yake, kwa mara ya kwanza tangu aondoke.

"Dadima, umeifanya nini? Nilikuwa nusu fainali! Watu wote wananingoja!"

"Nimeifunika kidogo, baba, vumbi..."

"Umeifunika? Nani anafunika? Itaungua! Ah, Dadima!"

Akakata. Batulbai alikivua kitambaa, akaiweka mikono yake juu ya mashine na kuiondoa haraka kwa moto uliokuwapo. Kumwona kampigia simu kulimpa furaha, na alichoambiwa kilimchoma, na alivibeba vyote viwili usiku mzima asijue kipi akishike.

Badru, fundi wa redio na simu, aliletwa siku ya pili na Beatrisi. Kijana wa Kigombe, mpole, mwenye mikono safi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa yule pale."

Aliifungua, akatoa vumbi lililokuwa limegandana kama pamba ya godoro, akaisafisha feni yake ndogo, akabadilisha dawa ya kupozea iliyokauka ndani. Ikawaka. Batulbai alimshukuru Mungu kwa sauti. Badru akanawa, akanywa chai, kisha akasema lake.

"Bibi, kwa joto hili nakushauri usiiache stendibai. Kiache kitu kipumzike. Mtu akimaliza kucheza zima kabisa, chomoa na waya. Stendibai si kuzima. Ndani bado kuna moto kidogo kidogo, na mashine yenyewe imeshazeeka."

"Nikiichomoa, aliye mbali ataiamshaje?"

"Hapo hawezi."

"Basi haichomolewi."

"Itakufa mapema, bibi."

"Sote tutakufa, Badru. Tafuta njia nyingine."

Njia nyingine ilikuwa feni ya chumbani kwake. Ile ile ya kusimama iliyompepea usingizini miaka nenda rudi ililetwa sebuleni, ikageuziwa mashine usiku na mchana, na Batulbai akalala na madirisha wazi anajipepea kwa kipepeo cha ukili. Beatrisi alinung'unika mpaka akachoka. "Mama unaugua joto kwa ajili ya sanduku." Batulbai aliisogeza feni karibu zaidi na mashine. Alikuwa anangoja Jumamosi, aone kama amesamehewa.

Jumamosi taa iligeuka nyeupe. Akawasha televisheni, roho juu. Wachezaji wamesimama katikati. Hakuna aliyezunguka. Mpira ukaanza, moja kwa moja, kwa kasi, kama mtu aliyeingia nyumbani kwako na kupita hadi jikoni bila kubisha hodi.

"Karibu, baba," alisema, kwa sauti ndogo.

Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hata timu ikawa nyingine, si ile nyekundu ya siku zote. Batulbai alikosa raha. Mawazo yalikuwa mawili na yote yalimuumiza: ama mtoto bado amenuna, ama lile joto liliunguza ndani ya mashine kitu kinachopitisha salamu. Aliomba iwe mashine. Akamwita Badru tena.

"Inawaka?" Badru aliuliza.

"Inawaka."

"Inacheza?"

"Inacheza. Lakini mchezaji hazunguki."

Badru alimtazama Beatrisi, Beatrisi akatazama sakafu. Fundi wa watu akaifungua tena, akapuliza, akaangalia waya mmoja mmoja, na mtu mwingine angecheka, lakini yeye hakucheka. Mwisho akaifunga.

"Bibi, mashine ni nzima. Kuzunguka si kazi yake. Anayezungusha ni mtu aliyeshika pedi ya gemu kule."

"Kwa hiyo amekasirika."

"Hilo mimi sina spana yake, bibi. Muulize mwenyewe."

Kumuuliza ilikuwa kazi, kwa sababu Jumapili baba yake alikuwa kando, na siri ni siri. Batulbai alivizia. Siku moja simu ikazungushwa kwa watu wote, Duaa, dada yake Abbas, akaonyesha meno yake ya waya, kisha ikabaki mikononi mwa Abbas, na Murtaza akasikika anaongea na mkewe mbali. Kijana alikuwa amekua. Ana kivuli cha ndevu juu ya mdomo.

"Abbas," alinong'ona, "mgeni wetu wa Jumamosi hajambo?"

"Mgeni gani, Dadima?"

"Ile. Ya stendibai."

Abbas akafikiri kidogo. Akacheka, akasema kwa sauti kamili, bila kujificha. "Aah, ile gemu! Bado inafanya kazi? Mimi siingii siku nyingi. Papa alininunulia mpya, kitambo. Ile nilimpa nywila rafiki yangu wa shule, yeye hana yake."

Batulbai alisikia sawasawa, ila kifua kilikataa kulipokea lote kwa pamoja.

"Papa alinunua? Papa mwenyewe?"

"Ndiyo. Anacheza na yeye sometimes, anafungwa tu."

"Mimi nilidhani umekasirika. Kwa kile kitambaa."

"Kitambaa gani?"

Alingoja aone kama anatania. Hakuwa anatania. Hakukumbuka. Kile kilichomnyima usingizi, kilichomfanya atoe feni yake na kuomba msamaha kwenye kila swala, kijana hakuwa nacho kabisa kichwani.

"Rafiki yako anaitwa nani?" aliuliza, maana alikosa la kuuliza.

"Mateo, yaani Mathayo. Humjui, Dadima. Unaweza kuizima tu sasa, nitamwambia. Au mpe mtu. Haya, kwaheri, nina mazoezi."

Wiki ile Batulbai hakufuma. Alikaa anaitazama taa ya chungwa na kuhesabu nyuma, akitafuta Jumamosi ya mwisho ambayo mtoto alikuwa wake kweli, na hakuwa na shaka: ni ile ya kitambaa. Alimwona kwa mara ya mwisho siku aliyomkosea, na hata hakujua kwamba ndiyo ya mwisho. Aliona uchungu, na zaidi ya uchungu aliona aibu, kama mtu aliyekuwa anampungia mkono mpita njia akidhani ni nduguye. Habari zote zile za nyumba kuuzwa na watu kuumwa, alikuwa anampa mtoto asiyejua Tanga iko upande gani wa dunia.

Jumamosi Beatrisi alimaliza vyombo, akaja sebuleni anafuta mikono.

"Mama, niichomoe? Badru alisema ndiyo uzima wake. Nawe urudishiwe feni yako ulale."

"Acha. Nitachomoa mwenyewe."

Aliinama kwa shida, akashika waya karibu na ukuta. Plagi ilikuwa na joto. Mashine ikalia mara moja, na pale mbele ya uso wake chungwa likageuka nyeupe.

Hakuvuta. Alibaki ameinama vile mpaka mgongo ukamuuma. Ndani ya boksi kile kifeni kilianza kuvuma, kwa taabu, kama mzee anayepanda ngazi.

"Si Abbas huyo, mama," alisema Beatrisi taratibu.

"Najua."

"Sasa?"

Batulbai aliuachia waya. Alijishika kwenye meza, akanyanyuka, akatafuta rimoti. Wachezaji walikuwa wamesimama katikati ya majani mabichi. Hakuna aliyezunguka, na sasa alijua hatazunguka mtu tena.

"Isogeze feni, Beatrisi," alisema. "Mathayo amekuja, na joto ni kali."

Kisha akakaa kwenye kiti chake, akamtazama mtoto wa watu akicheza mpaka jua likazama, bila kumwambia neno.