Nilivyobariki Kifaa cha Jerop

Wacha niseme mwenyewe, kwa sababu mkingoja Mama Kiprotich awasimulie mtasikia kwamba nilikamatwa nikiiba viazi, na mimi sijawahi kuiba hata ndimu. Aibu ni yangu, siikatai. Shule niliachia darasa la tatu lakini mdomo wangu una digrii, na ndio ulioniponza.

Mjukuu wangu anaitwa Jerop, jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na mimi ndiye nilimpokea kwa mikono hii mlango ukipigwa na maji. Amemaliza chuo kule Chepkoilel, msichana mpole, anajua kuongea na watu, akapata Bwana Wafula mmoja mwenye kazi ya kutembeza wageni: wanapanda milima, wanapita misitu, siku zingine wanapiga makasia bwawani ndani ya vitumbwi vya plastiki vinaitwa kayak (mimi singeweza, nyonga zangu zingekwama humo mpaka wakate na msumeno). Bwana Wafula akamwambia, "Njoo Jumamosi Timboroa uongoze kikundi kimoja nikuone. Ukiwafikisha vizuri, kazi ni yako. Lakini uje na GPS yako." Hiyo GPS ni kifaa cha kushika mkononi, kinaongea na mitambo ya huko juu angani halafu kinakuonyesha uko wapi, hata pale simu haishiki mtandao.

Sasa kosa. Nilisema mimi ndiye nitakinunua. Nikauza ndama, nikafunga kitambaa changu cha kanisa, tukaenda Eldoret mjini. Jerop alipofika dukani alienda moja kwa moja kwa kimoja kidogo, rangi ya chungwa, kina vidude vya kubonyeza, sura yake kama zile simu ndogo za tochi, mulika mwizi.

"Hiki, Kogo," akasema (nyanya kwetu ni kogo). "Kinatumia betri za duka lolote, unabonyeza hata ukiwa na glavu, na kikianguka kwenye maji kinaelea."

Nikakipima mkononi. Chepesi kama kifaranga mgonjwa! Mimi nimenunua ng'ombe maisha yangu yote na sijawahi kurudi nyumbani na mnyama mwepesi. Nikauliza, "Hiki ndicho nimeuzia ndama?" Na pale kwenye rafu kulikuwa na kingine, kipana, cheusi, kinang'aa kama kiatu cha mchungaji, kioo chake rangi zote, na ukikiwasha kuna mama anaongea Kizungu ndani. Roho yangu ikalala hapo.

Muuzaji akasema, "Mama, hiyo ni ya gari."

"Gari na mtu si wote wanapita njiani?"

"Na haitaki maji, Mama."

"Kwani anaenda kuikogesha?"

Jerop akanishika kiwiko, "Kogo, tafadhali." Nikamwambia anayepewa hachagui. Akakiachia kiwiko changu. Laiti angenipigia kelele hapo hapo mbele ya watu.

Basi Jumapili kina mama wote kanisani wakajua kwamba mjukuu wangu ana kifaa kinachoongea, na niliyemwambia mara nyingi zaidi ni Mama Kiprotich, kwa sababu yeye amekodi shamba la viazi Timboroa na kila wiki tunasikia habari za viazi, kwa hivyo nilitaka na yeye asikie zangu.

Jumamosi ikafika, na mimi nikaenda kumsindikiza (hakuna aliyenialika). Ukungu ulikuwa mzito, wageni kutoka Nairobi wamesimama na fimbo zao, Bwana Wafula pembeni anatazama, Jerop amevaa kifaa shingoni kimelala kifuani. Na kwetu mtoto hatoki kwenda kazi mpya hivi hivi kama mbuzi aliyekata kamba. Mkubwa anachukua funda la mursik, maziwa yetu ya kibuyu, anamnyunyizia kifuani ili aende na baraka. Kibuyu nilikuwa nacho. Nikavuta funda la mapenzi, na mapenzi yangu si madogo. Pfuuu!

Yule mama wa ndani akashtuka. Akaanza kupayuka Kizungu, mgeni mmoja akanitafsiria, "Nyanya, anasema geuka nyuma, geuka nyuma." Akasema hivyo mpaka sauti ikawa nzito kama ya mlevi, kioo kikawa cheupe kama mursik yenyewe, akanyamaza kabisa. Wageni walicheka, mmoja alinipiga picha na kibuyu changu. Lakini ule mtambo ulikuwa umetoa ushauri mzuri kuliko wote wa siku hiyo.

Jerop alikipangusa na sweta yake polepole. Halafu akasema, "Bwana Wafula, tungoje ukungu uinuke kidogo, tutafuata njia ya chini, hiyo naijua." Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa nakunywa chai yangu kwa amani. Mimi nikasema, "Kungoja nini? Huu msitu nimeokota kuni nikiwa msichana. Nifuateni!" Bwana Wafula akamtazama Jerop, Jerop akanitazama mimi, na sisi tumemlea hivyo, hawezi kumpinga kogo wake mbele ya wageni.

Nikatangulia na gambuti zangu. Mti mkubwa wa mwerezi ambapo tulikuwa tunapinda kulia ulikatwa zamani, siku hizi ni misonobari imepangwa mistari, yote sawa kama watoto wa shule na yunifomu. Nikapinda kwa kubahatisha. Nikapinda tena.

"Nyanya, si hili tope tumelipita?"

"Matope yote yanafanana."

Mwishowe nikaona mwanga, nikapaza sauti, "Tumefika!" nikapenya ua, wote nyuma yangu, tukajikuta tunakanyaga matuta ya viazi, mbwa anabweka, na mwanamke anatujia na jembe akipiga nduru, "Wezi! Wezi wa viazi!" Alipokaribia akashusha jembe. Mama Kiprotich.

"Ai! Si ulisema mtoto ana kifaa kinaongea? Sasa kimewaambia mje kunichimbia viazi?"

Kila mtu alicheka isipokuwa wawili, Jerop na Bwana Wafula. Bwana Wafula akauliza, "Jerop, nani alichagua kifaa cha gari?"

Nilikuwa nimesimama karibu naye hivi. Nikafungua mdomo, huu mdomo wa digrii, na haukutoa kitu.

"Ni mimi," Jerop akasema. "Nilikosea kuchagua."

"Na huyu mama kutuongoza?"

"Mimi ndiye nilimkubalia."

Bwana Wafula akatikisa kichwa, akasema pole, atatafuta mtu mwingine. Na mimi nikaacha iende hivyo. Viazi si aibu, jamani. Aibu ni hiyo.

Jumatatu nilienda ofisini kwake nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Akanipa kiti na chai, lakini nafasi alikuwa ameshampa mwingine. Alisema akitaka mtu wa bwawani atampigia Jerop. Hajapiga. Jerop anauza mayai na mimi sokoni Cheptiret, hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaniuma. Mtoto wa mvua nikamnunulia kitu kinachoogopa maji!

Ndama mwingine anakua. Nitamuuza, pesa nitaweka mkononi mwa Jerop, na nikifika mlango wa hilo duka nitajaza mursik mdomoni, nisimeze wala nisiteme, mpaka atoke na kile alichochagua mwenyewe.