Nilimwita Jirani Yangu Mwizi wa Umeme

Waya ule niliukuta umezikwa kwenye theluji uwani kwangu, na nilipoufukua ulikuwa unaelekea moja kwa moja kwa Lorne.

Nilikaa na koleo mkononi, nikiuangalia kama nyoka.

Nina miaka sabini na moja, shule niliishia darasa la sita. Nitasema ilivyokuwa, hata pale ninapotamani kuruka.

Kwanza niwategee. Nina mnyama mkia wake uko mbele, nisipoufunga kwenye mti jioni, asubuhi haamki.

Mmeshindwa? Ni gari.

Huku Yukon, kaskazini mwa Kanada, Januari, baridi inafika arobaini chini ya sifuri. Kila gari lina waya unaoning'inia mbele. Unauchomeka kwenye nguzo ya umeme uwani, injini inapashwa moto usiku kucha. Usipochomeka, oili inaganda, na wewe umekwisha.

Tangu mume wangu Wilfred afariki, gari letu kuukuu aina ya jipu nalihudumia mwenyewe. Tairi za misumari nafunga mwenyewe. Oili nyepesi ya baridi naweka mwenyewe. Betri naivisha blanketi, mbele ya rejeta naweka kadibodi. Nyuma kuna sanduku: koleo, kamba ya kuvutia, mishumaa, mfuko wa kulalia.

Msimu ule magari ya wanaume yalikuwa yanagoma, langu linawaka mara moja tu.

Nikavimba kichwa. Nilikuwa nawacheka dukani, nawaambia waje niwafundishe.

Sasa, mjukuu wangu Raeanne alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu. Mtoto alikaa vibaya, katanguliza makalio. Nesi wa kijiji alisema huyu asijaribu kuzalia hapa. Jumatatu nimpeleke hospitali mjini Whitehorse, mwendo wa masaa matatu.

Waya niliuona Alhamisi, nikisafisha theluji chini ya nguzo yangu. Umetoka kwenye nguzo, umepita chini kwa chini. Niliufuata mpaka kwenye uzio wa Lorne.

Nikaishia hapo. Nilishajua ninachotaka kujua.

Jumamosi kulikuwa na karamu ukumbini, supu ya nyama ya kongoni wa huku, yule mkubwa mwenye pembe kama makoleo. Kijiji kizima kipo. Na kwetu mzee akisimama kusema ukumbini, mdogo hamjibu. Anasikiliza mpaka mwisho.

Nililijua hilo vizuri. Ndiyo maana nilichagua kusimama pale.

"Lorne," nikasema, "nimekupakata ukiwa na nepi. Kama umeme umekushinda, si ungekuja kuomba? Katoe waya wako uwani kwangu leo hii, mwizi wewe."

Watu wakacheka. Mmoja akasema basi tumchangie mishumaa.

Lorne ana miaka hamsini, mtu mzima na mvi zake. Akainamisha kichwa.

"Sawa, shangazi. Nitautoa."

Akaacha supu yake mezani, akatoka.

Mimi nikaongeza bakuli la pili. Nawaambia ukweli, lilikuwa tamu.

Jumatatu asubuhi Raeanne aliamka na uchungu. Wiki mbili kabla ya siku zake kutimia.

Nikakimbilia jipu, nikazungusha ufunguo. Likaguna mara moja, likanyamaza. Nikarudia. Hata mguno haukutoka.

Raeanne alikuwa ameshikilia mlango, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Akaniuliza kama nilichomeka waya. Nikamjibu nilichomeka kwa mikono yangu. Akaleta taa ya mezani, akaichomeka kwenye nguzo.

Haikuwaka.

Nikasema huyu Lorne analipa kisasi. Nikavuka uwa mbio, glovu hata sikuvaa.

Nilimkuta mlangoni kashavaa koti. Pikapu yake inanguruma nje, kioo kimeshakwanguliwa barafu.

"Umenikatia umeme na mtoto ana uchungu," nikamwambia.

"Shangazi, nguzo yako imekufa tangu Oktoba. Uliigonga ukirudi nyuma na jipu. Waya wa ardhini ulikatika."

Nilikumbuka. Niliisimamisha, nikaishindilia mawe, nikafikiri yameisha.

"Sasa miezi yote hii umeme ulitoka wapi?"

Akaangalia viatu vyake.

"Kwangu."

Ule waya haukuwa unavuta. Ulikuwa unaleta.

"Mbona ukumbini hukusema?"

"Ulikuwa unaongea wewe, shangazi."

Akapita pembeni yangu, akaenda kumshika Raeanne mkono. Kumbe tangu alfajiri alikuwa akipasha pikapu, kwa sababu safari yetu ya Jumatatu kijiji kizima kiliijua, na alijua langu halitawaka.

Masaa matatu nilikaa kiti cha nyuma nikitazama kisogo chake. Hakusema neno la kunichoma. Afadhali angesema.

Walimpasua Raeanne robo saa tu baada ya kufika. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kuamsha wafu. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungezungumza mengine.

Wakati wa kurudi nikamuuliza Lorne kwa nini Oktoba ile hakuniambia.

Akasema alikuja. Alinikuta sebuleni na akina mama, nawasimulia jinsi jipu linavyonitii. Akaona akisema mbele yao atanivunjia heshima. Akarudi kwake, akachimba, akaunga waya wake kwenye nguzo yangu.

Jumamosi iliyofuata nilisimama tena ukumbini. Niliyasema yote, nikampa vifaa vya ufundi vya Wilfred mbele ya watu. Alivipokea kwa mikono miwili, akanishukuru.

Wanangu mnaonisoma, mtu alinifichia aibu yangu miezi mitatu kwenye theluji. Mimi kosa ambalo hata hakulifanya sikuweza kumfichia siku mbili. Kabla hujasimama mbele za watu, vuka uzio kwanza, ubishe hodi. Mlango wa Lorne ni hatua ishirini tu kutoka kwangu, na bado kila nikipita pale nashusha macho.