Repo, Monitere!

Siku ya kwanza nilipokabidhiwa timu nilipewa firimbi, mpira wa ngozi uliofungwa kwa kamba kama kiatu, na uwanja ulioinama. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini, katika shule ya misioni karibu na Kingi. Padiri Direkta, mkuu wa shule, alinionyesha ule mteremko kwa fahari, akasema, "Monitere, hii njo uwanja." Monitere ndiyo jina tulilopewa sisi walimu. Tulifundisha hesabu, katekisimu na jembe, na jioni mazoezi ya mwili. Chini ya uwanja palikuwa na shamba la maharage la mama mmoja, na kila tulipokosa goli mpira ulibingirika humo, naye akatutukana kwa Kihunde hadi tuuokote. Nilifurahi nusura nilie!

Mazoezi yalianza kwa amri za Kifaransa. "Garavu!" nawe unabana miguu, kifua mbele. "Repo!" nawe unatanua miguu, unaweka mikono mgongoni, unangoja amri inayofuata. Maneno hayo niliyajua kabla ya Kifaransa kingine chochote, na niliyapiga kwa sauti iliyosikika mpaka mlima wa pili.

Baadaye nilihamishiwa Masisi, kwenye shule ya kufundisha wamonitere. Vijana mnaonoa timu za vyuo vikuu leo, jueni kwamba shule ile ndiyo iliyokuwa chuo kikuu chetu. Tulicheza na mabake wawili wa kulinda, mahafu watatu wa katikati na watano mbele. Wachezaji walikuwa watu wazima wenye ndevu, wabishi, hodari ajabu! Nahodha wetu Bahati, avan-center, yaani mshambuliaji wa katikati, alipiga shuti likatoboa wavu.

Hapo ndipo Inspekta wa shule alipokuja. Alitaka tuwashinde Walikale, wapinzani wetu wa msituni. "Mukishindwa kule, Monitere," aliniambia mbele ya wote, "utarudia Kingi kwenye maharage."

Nikajifunga kibwebwe. Mazoezi alfajiri, mazoezi jioni. Mimi ndiye niliyeshona mpira, niliyefua fulana, niliyewapeleka wenye vifundo vilivyovimba dispansari. Chakula kikakosa ladha, sauti ikakauka. Asubuhi mke wangu, Mama Furaha, alikuwa akinipokea hivi: "Papa Furaha, usiku umenipiga mupira tena. Mbavu yangu njo iko goli?" Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Ile harufu ya ngozi ya mpira niliyoipenda tangu utoto sasa ilinifanya nigeuze uso pembeni. Nilikuwa nauchukia mpira, na sikuthubutu kumwambia mtu, maana monitere aliyesema amechoka aliitwa mvivu.

Wiki ya kwenda Walikale, Padiri Direkta wa Masisi alisimama kando ya uwanja akinitazama napiga kelele zisizotoka. Akaja hadi nilipo, akasema, "Monitere, repo!"

Nikatanua miguu, nikaweka mikono mgongoni, nikangoja. Naye akangoja. Wachezaji wakaanza kucheka.

"Hapana! Repo! Enda kwako, ukule, ulale!"

"Na amri inayofuata, Padiri?"

"Hakuna ingine. Bahati atafundisha wenzake."

Machozi yalinitoka palepale. Miaka yote ile nilidhani repo ni namna ya kusimama, kumbe maana yake ni kupumzika! Nilikwenda nyumbani, nikala maharage ya Mama Furaha mpaka nikalamba sahani, nikalala fofofo.

Ijumaa tulipanda kamio, lile lori la misioni, tukashuka kutoka vilimani tukiimba hadi msitu ukatufunika. Uwanja wa Walikale ulikuwa umekatwa katikati ya miti, joto kama la chungu, watu wamejaa hadi kwenye matawi. Inspekta alikaa mbele kabisa. Wenyeji walitufunga mapema, nami nikaruka kutoka kwenye benchi nitoe maagizo. Sauti haikutoka hata chembe.

Bahati akageuka katikati ya uwanja, akapaza sauti: "Repo, Monitere! Ikala! Tuko tunajua!"

Nikakaa. Nawaambia, hapo ndipo nilipouona mpira kwa mara ya kwanza tangu niwe mkufunzi! Walipasiana chini kwa chini kama watu wanaopokezana kaa la moto, wakasawazisha, na jua likianza kuzama nyuma ya miti Bahati akauzungusha mguu wa kushoto: goli! Nilikimbia uwanjani nikimkumbatia kila mtu, hata bake wa Walikale. Inspekta alinipa mkono, na habari ya Kingi haikutajwa tena.

Baada ya hapo nilipelekwa Walikale kwenyewe, kisha Mweso. Kila nilipofika niliweka siku moja ya wiki isiyo na mpira, na madirekta wengine walininung'unikia. Niliwaacha wanung'unike, nikawahi shamba langu.

Siku ya kustaafu kwangu Direkta aliagiza watoto, "Garavu!" na mimi mzee mzima nikainuka kitini, miguu imebanana, kifua mbele. Nyuma kabisa ya ukumbi alikuwa ameketi Bahati, kichwa cheupe, yeye naye monitere.

"Repo, Monitere!" akaita.

Nikakaa, nikanyoosha miguu. Sikungoja amri nyingine.