Prefe aliniambia nikate beseni la Mama Neema

Wakuu, habari zenu. Humu mimi ni msomaji tu, hata darasani siinui mkono. Ila hili nitalisema lilivyo, na pale nilipotetemeka nitasema nilitetemeka.

Niko sekondari hapa Uvira. Nachonga sura za watu kwenye ubao kwa patasi, napaka wino, nalaza karatasi juu, nasugua kwa mgongo wa kijiko. Ulipokata panatoka peupe, ulipoacha panatoka peusi. Ukishakata, hakuna kurudisha.

Kwa maonyesho ya shule tuliambiwa tulete sura ya "mtu wa maana". Wenzangu walileta viongozi.

Mimi nilimchonga Mama Neema, jirani yetu wa mtaa wa Mulongwe, anayetembeza ndakala, wale dagaa wa ziwani, beseni kichwani. Alikubali mwenyewe. (Mto uliingia nyumbani kwake, kesho yake akatoka kuuza. Kwangu huyo ni wa maana.)

Prefe, mkuu wa shule, akasimama mbele ya picha.

"Huyu iko nani?"

"Mama Neema, Prefe. Anauza ndakala."

"Wageni wanakuja, weye unatuletea beseni? Kata hiyo beseni, ibakie kichwa. Ama utoe yote."

Wakuu, patasi ilikuwa mfukoni, ubao kwenye begi. Dakika mbili zingetosha. Lakini bila beseni, yule ni mwanamke aliyekaza shingo bila sababu.

Nikasema, "Sikati."

Sauti ilitoka ndogo, ikitetemeka kama ya kifaranga. Prefe akabandua karatasi, akaikunja.

Karatasi tu. Ubao ulibaki kwangu.

Siku ya maonyesho nikaweka benchi nje ya geti la shule, nikaanza kutoa kopi nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Wazazi wakajaa. Mama Neema naye akapita na ndakala zake, nikamsimulia, akajiangalia.

"Ee! Shingo yangu iko nguvu hivi? Na ule mwenye anaonea beseni haya, jana alikula nini?"

Watu wakacheka. Prefe alikuwa getini, alisikia. Nikaendelea kusugua.

Kwenye buletini, ile ripoti ya alama, nimepata sifuri ya kuchora. Baba aliisoma, akasaini, kisha akauliza kama kopi moja imebaki.

Nilichojifunza: kukataa hakuhitaji sauti kubwa. Unaweza kukataa huku unatetemeka, na bado ni kukataa.

Nyinyi mngekata? Wanaoona nilimkosea Prefe heshima nao waseme, nitasoma yote. Ila ubao sigusi.