Maharage Tuliyoyaombea

Nyii. Kimya. Nyii.

Ni mshikio wa ndoo ya bati, unaolia kila ndoo inapoyumba. Juzi niliusikia nikiwa kitandani, macho nimeyafumba. Kumbe alikuwa jirani yangu tu, anateka maji bombani. Lakini nilikuwa nimeshaketi, pua imejaa harufu ya samadi, nami nimekuwa tena mtoto wa darasa la nne kule kijijini Kyimo.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Nyumbani kwetu hata majina yalikuwa mahubiri: mimi Atupele, yaani kwa Kinyakyusa ametupatia, kaka yangu Ambakisye, ameniokoa. Sasa mwaka ule huyo aliyeokolewa alirudi likizo kutoka shule ya bweni, kidato cha tatu, akakataa kwenda kanisani. Hakukataa kwa ukorofi. Alikaa jikoni akimenya ndizi, akasema taratibu kwamba kitu kisichopimika hawezi kukiapia.

"Gwe mwana," mama akamwambia, "na mvua ya huku, huwa unaipima kwanza ndipo ulowe?"

Tulicheka wote, isipokuwa baba. Wazee wa kanisa walikuwa wameshaanza kumwuliza mwanawe anaumwa nini.

Kaka ndiye aliyekuja na wazo la matuta mawili ya maharage nyuma ya nyumba. Mbegu ile ile, udongo ule ule, mvua ile ile. Moja liombewe kila asubuhi, jingine liachwe. Mwisho wa likizo yakilingana, asiulizwe tena habari za kanisa. Lililoombewa likishinda, atasimama mbele ya waumini aseme alikosea.

"Mungu hapimwi kama mkojo wa mgonjwa!" baba alifoka. Kesho yake akakubali. Akaniteua mimi niwe mwombaji, maana, alisema, sala ya mtoto haina konakona.

Basi nikaomba. Nilipiga magoti kwenye udongo mweusi, umande ukinilowesha gauni, nikaomba kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kinyakyusa, nikihofia kwamba Kyala, kama bibi alivyomwita Mungu, huenda alizoea zaidi lugha ya wazee. Na maharage yakasikia! Tuta langu likawa la kijani kizito, majani mapana kama viganja vya mtu mzima. Lile jingine likabaki maharage tu. Nilikwenda shule ya Jumapili nikiwatazama wenzangu kwa huruma, maana wao Mungu alikuwa hajawajibu.

Kaka alichuchumaa kati ya matuta na rula yake, akapima, akatikisa kichwa, akapima tena.

"Atu, hivi huwa unaomba nini hasa?"

"Naomba yaote, ili urudi kanisani."

Hakunicheka. Jioni ile baba aliposhukuru chakula nilichungulia kati ya vidole, nikamwona Ambakisye naye amefumba macho. Akaniambia kwa sauti ya chini nimwamshe kesho, tuombe wote.

Alfajiri ile ukungu ulikuwa umefunika hata migomba ya dirishani. Nilimgusa kaka bega, nikatangulia nje na gambuti za mama. Sikuona kitu. Nilisikia tu: nyii, kimya, nyii. Kisha kopo likichota. Kisha shaa, maji mazito yakimwagika juu ya majani.

Baba aliinuka kutoka kwenye tuta langu, mikono ikinuka banda la ng'ombe. Hakushtuka. Alinitabasamia kama mtu anayemkaribisha mwenzake.

"Mungu naye ana mikono, mwanangu. Nyamaza. Kaka yako yuko karibu kuokoka."

Kaka yangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Baba," alisema, "mimi nilikuwa nataka nishindwe."

Baba alilirudisha kopo ndani ya ndoo. "Na kama yasingeota?" akasema. "Ningefanyaje, kama yasingeota?"

Kwa miaka mingi nilidhani aliibiwa mtu mmoja tu asubuhi ile, nami ndiye. Zilikuwa sala zangu! Hata mama alipovuna, nikaona tuta langu limelewa samadi, majani tele na maganda ya kuokoteza, nililia kwa ajili yangu mwenyewe. Ukubwani ndipo nimeelewa. Baba alihubiri kwamba Mungu anaweza yote, lakini hakuthubutu kumwachia tuta moja la maharage. Aliyemwachia nafasi ya kujibu ni yule aliyemkana.

Siku hizi kaka anafundisha sayansi, mbali na nyumbani. Nilimwuliza kwa simu kama jaribio lile lingethibitisha chochote.

"Wala," akacheka. "Matuta mawili? Moja lilikuwa jirani na banda. Mungu huwezi kumwekea rula, Atu, awepo asiwepo." Kisha akaongeza, "Ila ningeamini."

Mwaka ule hakungoja likizo iishe. Asubuhi ile ile ya ndoo alifunga begi lake, aende kukaa kwa mjomba, kule Makandana. Alimuaga mama kwa mikono miwili, akanishika kichwa. Baba alikuwa ameketi mezani, hajanawa. Kaka alimpita, akasema shikamoo kama tulivyofundishwa, wala hakungoja kuitikiwa. Mlango wetu ulikuwa umevimba kwa unyevu; mara ya kwanza haukushika. Nilisikia hatua zake zikisita kibarazani, zikarudi, na mkono wake ukauvuta tena kutoka nje, taratibu, mpaka ukafungika.